Mng'aro wa Fundi Marudachalam

Pale Peelamedu, Coimbatore, kusini mwa India, ukitaja mng'aro watu hawakufikiria vyombo vya harusini wala meno ya waigizaji. Walimfikiria fundi Marudachalam, mkuu wa umeme katika kiwanda cha nyuzi cha Mama Rangammal. Mtu mfupi, shati limepigwa pasi hata siku ya kupanda darini, na kwenye paji la uso mistari mitatu ya majivu matakatifu iliyonyooka kuliko waya zote alizowahi kuzilaza ukutani. Hiyo ya waya nasema mimi. Yeye angekwambia hakuna waya zilizonyooka kama zake tangu umeme uingie mjini, na ungekubali tu ili umalize kahawa yake kwa amani.

Kila mota kiwandani ina stata yake, sanduku la chuma lililopigiliwa ukutani. Ndani mna pointi, vijidonge vya fedha, na nikisema fedha nasema hii ya kufulia mikufu, si ya mfukoni. Ukibonyeza kitufe cha kijani, pointi za upande huu zinabanwa kwenye za upande ule, umeme unapita, mota inazunguka. Ukibonyeza chekundu zinaachana. Kila zinapoachana hapakosi cheche, na kila cheche inaacha weusi kidogo. Basi, maisha yote ya Marudachalam yalikuwa vita na huo weusi.

Kazi alifundishwa ujanani na mzee mmoja ambaye tupa haikumtoka mkononi hata wakati wa kula. Pointi za mzee yule zilikuwa za shaba nyekundu, na shaba ikishashika weusi inagoma kupitisha umeme, inapata moto, inaungua. Lazima uikwangue. "Ukiona weusi, kwangua," mzee alimwambia, na akampiga kofi la kisogoni ili neno likae. Likakaa kweli. Mzee akafa, shaba ikaondoka kwenye stata, fedha ikaja, na kofi likabaki palepale.

Si kwamba hakuambiwa. Aliambiwa na Bwana Desikan, wakala wa vifaa vya umeme, mtu wa pikipiki na mkoba mkubwa, aliyemkuta siku moja anakwangua.

"Fundi, hizo ni fedha. Weusi wake uachie, unapitisha umeme."

"Weusi upitishe umeme?"

"Unapitisha. Si kama shaba. Kila kazi ina madini yake, fundi. Vitu vidogo kama redio wanapaka dhahabu, maana umeme wake ni haba na uchafu kidogo tu unauzuia. Honi ya gari wanaweka tangsteni, ngumu ile, cheche haziili upesi. Mota kama hizi ni fedha. Ikiwa nyeusi unafunga kifuniko, unakwenda kunywa kahawa."

"Bwana Desikan, mkeo akikuwekea chakula kwenye sahani nyeusi utakula?"

"Sahani haina umeme."

"Umeona sasa? Hata mwenyewe hujui unachosema."

Wafanyakazi waliokuwa karibu wakacheka. Desikan naye akacheka, kwani alikuwa muuzaji, na fundi anayemaliza pointi upesi ni mteja wa kutunzwa. Hakumwambia tena.

Basi ikifika Ayuda Puja, siku ya kuviheshimu vyombo vya kazi, mji mzima unazima mashine. Cherehani, mizani ya muuza vitunguu, baiskeli, basi la abiria, kila kitu kinaoshwa, kinapakwa uji wa sandali, ule mti wa kunukia, na poda nyekundu, kinavishwa maua, na hakuna wa kukigusa mpaka kesho yake. Mafundi wengine walifuta vumbi la juu wakaenda zao kula bisi za mchele na dengu. Marudachalam, siku ya kuamkia sikukuu, alifungua stata zote, akatandika kitambaa cheupe chini yake, akaanza. Kwanza tupa, kisha msasa, kisha kitambaa chenye majivu, pointi moja baada ya nyingine, mpaka ukichungulia unaiona pua yako mwenyewe. Watu walipanga mstari kutazama. Mama Rangammal, mjane aliyekishika kiwanda tangu mumewe afariki na kukikuza kuliko marehemu, alileta kafuri ya kuwasha kwa mkono wake.

"Fundi, una mkono wa baraka wewe," alisema kila mwaka.

"Ni kazi tu, Mama," alijibu kila mwaka, huku ameshasogea mahali pa kupigwa picha.

Kisha nini? Kabla hata fataki za Dipavali, sikukuu ya taa ya majuma machache mbele, hazijaanza kulia, mota moja inazimika. Pointi zilizokwanguliwa zimekuwa nyembamba, hazikutani sawasawa, zinachemka, zinagandana. Kiwanda kimya. Marudachalam anaitwa, anakuja anakimbia, anajifungia na sanduku, anatoka ana masizi mpaka masikioni, mota inanguruma. Makofi. Na ukiuliza sababu, sababu ni jicho. Watu wameuona mng'aro, wameuhusudu. Dawa yake, mwakani boga kubwa zaidi.

Boga lenyewe ni lile jeupe, linatobolewa, linajazwa poda nyekundu na sarafu, linazungushwa mbele ya lango na kupasuliwa barabarani liondoke na kijicho cha walimwengu. Mwanzo lilikuja chini ya kwapa la Ponnan, muuza maboga. Baadaye likaja begani. Mwishowe lilikuwa linaletwa kwa mkokoteni, na Ponnan ameanza kujenga nyumba ya tofali. Boga likizidi ukubwa na kukwangua kunazidi, na kukwangua kukizidi mota zinaungua zaidi, na mota zikiungua fundi anasifiwa zaidi. Mtu mmoja anasifiwa kwa kuharibu, kisha anasifiwa kwa kutengeneza alichoharibu. Nimewajua waheshimiwa wengi wa namna hiyo, ila wao hawajang'arisha kitu.

Sasa lile vumbi la fedha lililoanguka kitambaani Marudachalam hakulitupa. Alilikung'utia ndani ya kopo la majivu matakatifu na kuliweka nyumbani, nyuma ya picha za miungu. Kwa mawazo yake hakuwa ameiba. Uchafu ni wa aliyeukwangua.

"Hilo kopo lina nini?" aliuliza mkewe, Nachammal.

"Baraka."

"Baraka ndiyo zina uzito hivi?"

Marudachalam alilirudisha kopo nyuma ya picha. Alikuwa na lake moyoni, na hili lazima nilieleze vizuri, kwani bila hili utamwona mwizi tu, na mwizi hakuwa. Binti yao wa pekee, Poongodi, alipoolewa, mama wa bwana harusi, Sivagami, alivichukua vikuku vya miguuni vya bibi harusi, vya fedha, akavipima kwa kiganja mbele ya ukumbi mzima. "Vyepesi," akasema. "Vizuri. Mtoto hatachoka kutembea." Wanawake wa upande wake wakaficha midomo kwa ncha za sari. Nachammal alikwenda kulia jikoni, na Marudachalam akajifanya anakagua feni ya dari, akaikagua mpaka watu wakaanza kula. Iliuma ile. Iliuma kwa sababu vikuku vilikuwa vyepesi kweli.

Lakini mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa wazazi wa mama yake, na siku ya kumpa mtoto jina babu wa upande huo ndiye humvalisha mkufu wa fedha wa kiunoni, wakwe wote wamekodoa macho. Hapo ndipo Marudachalam alipoweka nadhiri. Mkufu huo utakuwa mzito. Sivagami ataupima kwa kiganja kilekile, na atakosa la kusema.

Poongodi alipovishwa bangili za mimba ya miezi saba, kama ilivyo desturi, na kurudi kwao kusubiri kujifungua, Marudachalam alilibeba kopo mpaka kwa sonara. Sonara akaliyeyusha lile vumbi, akakohoa, akafungua dirisha, akakohoa tena.

"Fundi, umeniletea mchanga."

"Mchanga gani? Fedha hiyo."

"Nusu ni msasa. Na hiyo fedha imechanganywa na kitu, moshi wake umenikaba koo. Nimeisafisha mpaka imetakata. Iliyobaki inazunguka nusu ya kiuno."

"Kiuno cha nani?"

"Cha mtoto. Akiwa amevuta pumzi."

Alirudi nyumbani kwa miguu, hakutaka hata riksho. Ayuda Puja ilikuwa karibu. Mtoto naye hakusubiri, akazaliwa, mvulana, sauti kali. Kwa hiyo mwaka huo, siku ya kuamkia sikukuu, fundi alifungua stata kama mtu anayefungua sanduku la urithi. Aliacha kwa mwisho stata ya mota ya chumba cha pamba, kubwa kuliko zote, inayolisha mashine nyingine zote. Isipozunguka hiyo, hakuna uzi. Pointi zake ni pana kama kucha ya dole gumba. Akakwangua. Weusi ukatoka, akaendelea. Fedha nyeupe ikameta, akaendelea. Chini ya tupa pakaanza kutokea wekundu. Ilikuwa shaba, kitako ambacho fedha hugandishwa juu yake. Mkono ukasita.

Hapa ningependa kukuambia aliacha. Hakuacha. Aliuona wekundu na alijua maana yake, hilo alikuja kulikiri mwenyewe baadaye. Lakini aliona pia kiuno cha mjukuu na mdomo wa Sivagami, akapitisha tupa tena, kisha akapaka sandali juu ya kifuniko na kufunga.

"Mwaka huu umejipita," Mama Rangammal alimwambia huku kafuri inawaka.

"Ni kazi tu, Mama," alisema. Picha ya mwaka ule ipo, na humo anatabasamu kidogo tu.

Boga lilipasuliwa, kesho yake mashine zikaamka, kila kitu kikaenda. Vumbi jipya likaenda kwa sonara, mkufu ukafika mwisho, ukazunguka kiuno kizima na tone la ziada. Siku ya jina wakwe walikuja na magari mawili. Nyumba ilijaa, mtoto akalazwa mapajani kwa mama yake, akaitwa Velan kwa kunong'onezwa sikioni. Nachammal alikuwa ameshamfunga kiunoni uzi mweusi wa pamba, ule wa kukinga jicho, kila mtoto anafungwa. Juu yake Marudachalam akavalisha mkufu.

Sivagami akasogea. Akauingiza vidole chini yake, akaunyanyua, akaupima.

"Mzito," akasema.

Nachammal nusura aangushe sinia la kahawa.

"Mzito kweli," Sivagami akarudia, tena bila kejeli. "Mkwe, umeununua wapi?"

Jibu alikuwa nalo tangu siku ya ile feni ya dari. "Haukununuliwa huu, mkwe. Umetoka kwenye stata za kiwanda. Kila Ayuda Puja, kila nilichokwangua kwa heshima ya mungu wetu Mama Saraswati, nimekihifadhi. Fedha iliyobarikiwa. Mjukuu wako amevaa kazi yangu yote."

Watu wakaguna kwa kustaajabu. Na hapo mlangoni, akiwa anavua viatu, alikuwa amesimama Mama Rangammal, na ncha ya sari yake ina masizi. Nyuma yake Bwana Desikan na mkoba wake. Walikuwa wamesikia lote.

"Naomba maji," alisema Mama Rangammal. Nachammal akampa. Akanywa mpaka mwisho, akarudisha bilauri. "Fundi, kiwanda kimesimama. Mota ya pamba. Sikutaka kukukatiza siku yako, nikamwita Bwana Desikan. Akafungua sanduku. Anasema pointi zimelika mpaka kwenye shaba, na zilizobaki zimegandana. Akaniuliza nafuga panya gani anayekula fedha. Nikamwambia sijui." Akamtazama mtoto, akatazama kiuno chake. "Kumbe. Mmempa jina gani?"

Poongodi akasema polepole, "Velan, Mama."

"Jina zuri."

"Mimi nilimwambia," Desikan akachomekea. "Nilimwambia weusi wa fedha hauna neno, asiguse."

"Ulimwambia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na pointi mpya umeniuzia mara ngapi?"

Desikan akaanza kukagua kufuli la mkoba wake.

"Sasa uza. Leo ndiyo nazitaka."

"Stata ya aina ile haitengenezwi tena, Mama. Pointi zake labda niagize Chennai, na wao labda waagize kwingine. Itachukua muda."

Kila mtu pale ndani alijua muda maana yake nini. Nusu ya majirani walikula kwa ujira wa kutwa wa kiwanda hicho. Kiwanda kikikaa kimya, na vyungu vyao vinakaa kimya. Walikuwa wamekuja na zawadi za mtoto, wameketi mkekani, na sasa wanautazama ule mkufu, wanahesabu.

Marudachalam aliona haya, haya ya kweli, ya kuchoma masikio. Akapiga magoti mbele ya binti yake, akaanza kufungua kitanzi cha mkufu.

"Usimvue mtoto," Nachammal alimshika mkono. "Ni mkosi."

"Mkosi nimeshamvalisha."

Kitanzi kilikuwa kigumu, sonara alikuwa amekifanya cha kudumu. Alihangaika nacho mbele ya watu wote, mtoto anapiga mateke, mpaka Sivagami akainama, akakifungua kwa kucha. Alimwekea mkufu mkononi.

"Ila ulikuwa mzito, mkwe," alimwambia kwa sauti ya chini.

Angemkejeli kama kawaida yake ingekuwa nafuu. Marudachalam hakuweza kumtazama. Alimkabidhi Mama Rangammal mkufu, naye akaupima kwa kiganja, siku hiyo kila mwanamke alikuwa mizani.

"Miaka yote ile," akasema, "na fedha yangu ndiyo hii tu?"

"Iliyobaki iliungua, Mama. Kwenye stata."

Wakaenda moja kwa moja kwa sonara. Akaukata mkufu vipande, akavifua vijidonge. Marudachalam akavilehemu mwenyewe juu ya shaba, akavilinganisha vikutane uso kwa uso, akavirudisha sandukuni, akabonyeza kitufe cha kijani. Mota ikanguruma. Hakuna aliyepiga makofi. Nyumbani Velan alikuwa amelala na uzi wake mweusi kiunoni, uzi wa kiwanda kilekile.

Mama Rangammal hakumfukuza. Baadaye alimweleza mdogo wake kwamba angemfukuza ingebidi awaeleze watu kwa nini alimsifu miaka yote, na kwa nini zile picha zimetundikwa ofisini. Wafanyakazi nao, kazi iliporudi, jambo walilikunja wakaliweka. Wengine walisema fundi alirogwa. Wengine wakasema shida ni boga, mwaka ule lilikuwa na ufa.

Ayuda Puja iliyofuata, Marudachalam alifuta vumbi la nje la masanduku. Alifungua stata ya pamba, akachungulia. Pointi zilikuwa nyeusi tii. Vidole vilimwasha, usidhani havikumwasha, kofi la mzee lilikuwa bado hai kisogoni. Akakaa nao kwa muda, yeye na weusi. Kisha akafunga kifuniko, akakipaka nukta ya sandali.

Mstari ulikuwa umeshapangwa nyuma yake.

"Fundi, mwaka huu hatuoni mng'aro?"

"Haupo."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Macho basi, uzee. Kaombe miwani." Wakatawanyika kwenda kula bisi. Mama Rangammal alikuja na kafuri, akakuta sanduku limefungwa, akaizungusha mbele ya kifuniko na kwenda zake. Hakuna aliyetaja picha.

Dipavali ikafika, hakuna mota iliyozimika. Pongal, sikukuu ya mavuno, ikapita. Joto la kuelekea Chittirai, mwezi wa mwaka mpya wa Kitamil, likaja, lile la kuchemsha maji ya tangini, mota zikazunguka tu. Watu wakaanza kushangaa. Haijawahi kutokea. Wakajadili wakati wa chai, wakakubaliana, wakapeleka ujumbe kwa Mama Rangammal: aliyeleta neema hii apewe heshima yake mbele ya watu.

Siku ya mwaka mpya wakakusanyika uani. Mama Rangammal alisimama ana shali ya hariri mikononi. Alimtazama Marudachalam, aliyekuwa ameketi mstari wa nyuma amempakata Velan, uzi mweusi umechomoza chini ya shati la mtoto. Kisha akakohoa, akamwita Ponnan, muuza maboga, akamvisha shali mabegani kwa lile boga la Ayuda Puja iliyopita, ambalo kila mtu alikiri halijawahi kuonekana boga la namna ile.

Ponnan alilia. Watu wakapiga makofi mpaka kunguru wakaruka kwenye paa. Marudachalam naye akapiga, akaishika na mikono ya Velan, akampigisha.

Mshika mashine mmoja aliyeketi kando yake akamgeukia, hana ubaya wowote, anaongea tu.

"Na wewe, fundi, mwaka huu ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu."

"Hata sisi tumeona."